Kompyuta Iliyofumba Macho Bila Kulala

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni msimu wa ukungu uliopita, palikuwa na zahanati juu ya mlima, na juu ya bati la zahanati palikuwa na sola, na sola ilijaza betri moja, na betri hiyo ilikuwa na midomo mitatu ya kulisha: taa, kompyuta, na kitanda kidogo cha joto cha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Betri moja, midomo mitatu. Shikeni hapo.

Katika kitanda hicho alilala mwanangu. Alienea kwenye kiganja cha baba yake, ngozi unaona mishipa, na mimi niliyemzaa nilikuwa na homa, natetemeka, sina joto la kumgawia mtu. Joto lake lilikuwa la kitanda. Na kila alfajiri, kabla jua halijaifikia sola, betri ilikata roho na kitanda kikapoa.

Kwetu mlimani mtoto wa namna hiyo hapewi jina. Anaitwa Mgeni. Akivuka, yule aliyemvusha ndiye anayempa jina. Kabla ya hapo usimzoee, wanasema, maana mgeni ana kwao.

Sista Ambwene, muuguzi wetu, alikipapasa kitanda kilichopoa akasema, "Ukungu huu. Sola haishibi." Asubuhi iliyofuata kikapoa tena, akasema, "Ukungu huu." Kisha ikaja asubuhi ambayo midomo ya Mgeni ilikuwa ya zambarau, nikapiga kelele isiyotoka, ile ya ndotoni, Sista akamsugua nyayo mpaka akalia, halafu akasema, "Ukungu," ila safari hii hakunitazama.

Na ukungu kweli ulikuwepo. Uliingia mpaka ndani, ukajilaza miguuni pangu kama ng'ombe. Nilikuwa silali na wala siko macho, na humo katikati nilisikia kitu kinapumua chumbani, si mtoto na si mimi. Fuuu. Kinanyamaza. Fuuu. Nikajua ni mauti, yamekaa kitini, yanasubiri. Sikumwambia mtu. Ningesema nini?

Mama mkwe wangu, Bibi Sekela, alikuwa akitafuta pa kupasha vidole. Mezani palikuwa na ile kompyuta, mfuniko umefungwa, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Alikifuma mwenyewe akakileta zahanati, kwa sababu kwetu redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, na kitu cha thamani kikiachwa uchi watu watauliza kama nyumba hiyo haina mwanamke. Akaingiza mkono chini ya kitambaa. Akautoa. Akauingiza tena.

"Sista, hii umeifunga?"

"Nimeifunga jana, Mama. Imelala."

"Mbona ina homa kumshinda mkwe wangu?"

Basi akaitwa shemeji yangu Ndelwa, mwana wa Bibi Sekela, anayefundisha kompyuta sekondari ya bondeni. Akapanda, ukungu umemjaa kwenye nywele, akakinyanyua kitambaa kwa vidole viwili.

"Mama, umeivalisha sweta."

"Huku kuna baridi."

"Yenyewe inataka upepo, Mama. Ukiifunika hivi feni inazunguka kama kichaa."

Kumbe ndiyo ile fuuu.

Ndelwa akainua mfuniko na kioo kikawaka papo hapo. "Hii haijalala, Sista. Imefumba macho tu."

Ilikuwa kompyuta inayoendeshwa na Linux, ule mfumo wa bure. Akaita programu moja, powertop, inayoonyesha nani anakula umeme na anakula kiasi gani. Hakuna kazi iliyokuwa ikifanyika, hakuna hata faili lililofunguliwa, na kompyuta ilikuwa inakula wati ishirini na ushee. Ndelwa alisema ikikaa bure hivyo haitakiwi kufika hata nane. Akapunguza mwanga wa kioo, namba ikatikisika kidogo tu. Akachomoa kipanya, wapi. Akaikuta kadi ya picha, ile ya michezo mikubwa ambayo hapa hakuna anayeicheza, iko macho, imesimama kama mlinzi wa nyumba isiyo na mtu. Akailaza. Namba ikashuka, lakini bado. Mwishowe akaipata programu ya ripoti, inayotafuta mtandao ipeleke taarifa wilayani. Mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Ikikosa inaita tena, ikikosa inaita tena, mchana kutwa na usiku kucha.

Sijui kwa nini niliihurumia. Niliiona imesimama ukingoni mwa bonde, macho imefumba, inaita mtu, na ukungu haujibu.

"Nani aliiambia isilale hata ikifungwa?" Sista akauliza.

Ndelwa akakikunja kile kitambaa mara mbili. "Mimi. Nilipoileta hapa. Niliogopa ripoti zisije zikakatika katikati, kisha nikasahau."

"Basi izime hiyo ya ripoti."

"Wilayani walikataza isizimwe, Sista. Mkono wangu hauendi hapo."

Sista Ambwene akamtazama Mgeni. Kisha akanitazama mimi, macho kwa macho. "Zima. Wakija wataniuliza mimi."

Ndelwa akazima. Akairuhusu kompyuta ilale ikifungwa. Mama mkwe akachukua kitambaa chake, akakosa pa kukiweka, akajifunga kichwani.

Alfajiri nikaweka mkono kitandani. Pana joto. Nikaweka shavu. Joto. Na chumba kizima kilikuwa na pumzi moja tu, ndogo, ya Mgeni.

Akavuka. Mashavu yakajaa. Ndipo wakaja kuketi kwangu, wote watatu.

Mama mkwe akasema, "Nisingegusa, mngekuwa bado mnaulaumu ukungu. Ataitwa Tubombe, kama babu yake."

Ndelwa akasema, "Mama, uligusa homa uliyoipandisha kwa sweta lako. Aliyetafuta ugonjwa mpaka akauona ni mimi. Jina ni langu."

Sista akasema, "Uliuona kwa sababu uliuacha humo wewe mwenyewe, Ndelwa. Na ulipofika mwisho ukaogopa. Niliyesema zima ni mimi."

"Wewe Sista nyamaza," mama mkwe akasema. "Asubuhi zote ukungu, ukungu. Ungeinua kitambaa siku ile ya kwanza!"

"Kweli, Mama. Lakini wilayani nimeshaitwa kujieleza. Ninyi, nani amewaita?"

Wakageuka, wakaniambia, "Sema wewe uliyemzaa."

Nami siwezi. Nikimchagua mmoja nawapoteza wawili, na wote watatu walikuwepo. Lakini ukungu umerudi, na Mgeni siku hizi anapenda kutazama mlangoni, anatulia kama mtu anayekumbuka kwao, na mimi nataka nimwite ageuke, na sina cha kumwita. Kwa hiyo nisaidieni, na msikawie. Mkono uliofunika ndio uliogusa. Akili iliyosahau ndiyo iliyotafuta. Ulimi uliosingizia ukungu ndio uliosema zima. Je, nani alistahili kumpa mwanangu jina?