Pimbi, Nyati na Matairi ya Kipupwe

— Paukwa!
— Pakawa!
— Nimewashika?
— Umetushika!
— Nikikata kona mtaanguka?
— Hatuanguki!

Haya. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikishawasha gari sisimami njiani kumpakia mtu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na magari na sisi watu bado tunakwenda kwa miguu, palikuwa na mlima uitwao Sawasa. Barabara yake ya lami ilipanda kwa kona tisa, na juu kabisa palikuwa na jabali pana lililotazama mashariki. Jabali hilo lilikuwa la ukoo wa Pimbi. Pimbi mnamjua: kimo cha sungura, hana mkia, hana pembe, hana cha kujivunia isipokuwa nyayo zake. Nyayo za pimbi ni laini na zina unyevunyevu, zinashika mwamba hata uliosimama wima. Lakini baridi haiwezi. Wakati wa kipupwe, upepo mkavu unapochoma masikio na mvua imeshasahaulika, ukoo mzima hutoka mapangoni alfajiri na kujilaza juu ya jabali kulisubiri jua. Bila jua lile la kwanza, watoto wadogo hawafiki saa nne wakiwa hai.

Siku moja ya kipupwe akaja Nyati. Alikuja na gari lake jekundu, vumm, vumm, akaliegesha katikati ya jabali, palepale watoto walipokuwa wamelala jana yake. Akashuka, akatazama bonde, akasema kuanzia leo hapo ni kwake, maana gari lake linapendeza likionekana kutoka mbali. Bonde lilikuwa lake, mto wake, vivuli vyote vya mtoni vyake. Lakini mlafi hashibi kwa kilichomo mkononi mwake, hutaka na kilichomo mkononi mwa mwenzake. Mimi watu wa namna hiyo siwapendi, na sitawaficha.

Pimbi wengine wote wakarudi mapangoni. Mmoja tu, mama wa watoto watatu, akabaki amesimama mbele ya bampa. Mtu asiwadanganye kwamba hakuogopa. Ila hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga wake.

"Siondoki," akasema. "Sisogei, wala sibanduki."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. Akamuuliza kama anajua anazungumza na nani. Pimbi akajibu kwamba anajua, ndiyo maana anazungumza polepole.

Sasa mlima ule ulikuwa na desturi. Wawili wakigombea mahali, hushindana kwa magari kutoka chini ya mlima mpaka pale panapogombewa, na anayetangulia kufika ndiye mwenyewe. Matairi wote wawili huyachukua kwa fundi mmoja, na mkubwa wa mwili huchagua kwanza. Akishachagua, habadilishi. Desturi hiyo ilitungwa na babu yake Nyati, kama mnavyoweza kudhani.

Pimbi akadai mbio. Nyati akakubali kwa furaha, maana alikuwa hajawahi kushindwa na mtu asiyefika magotini pake. Wakapatana kuchagua matairi kesho yake saa sita mchana, Nyati akishamaliza kula, na kukimbia siku ya tatu. Pimbi akaomba jambo moja tu: mbio ziwe alfajiri, kabla jua halijagusa lami, kwa kuwa hiyo ndiyo saa watoto wake wanapolihitaji jabali. Nyati akasema hata akiwa usingizini atamshinda.

Kesho yake kulipopambazuka, Pimbi akashuka mlima kwenda kwa Nungunungu. Huyu alikuwa fundi wa matairi. Ni kazi ya ajabu kwa mtu mwenye miiba mgongoni, ila wateja wa pancha hawakumwishia, na kwa nini hawakumwishia mimi siulizi. Pimbi akamwomba ruhusa ya kutembea juu ya matairi yake. Si kuchagua, kutembea tu. Nungunungu akafikiri, akasema desturi haimkatazi mtu kutembea.

Matairi yalikuwa yamelala nje, baridi imeyaingia mpaka ndani. Pimbi akapanda la kwanza, tairi la mashindano, pana, karibu halina mifereji, lile ambalo kila dereva hulimezea mate. Nyayo zake zikateleza: teleu! Mpira ulikuwa mgumu kama kigae. Akapanda la pili, tairi la matope lenye meno marefu. Nyayo zake zikayumba: nyenge, nyenge. Meno yale yalipinda yakikanyagwa, na matope yenyewe yalikuwa hayajaonekana mlimani kwa miezi miwili. Akapanda la tatu, jeusi tu, mifereji midogo, meno mafupi yaliyokaa imara, halina sifa wala msifiaji. Nyayo zake zikashika: nata. Mpira ulikuwa laini hata katika baridi ile. Akaruka, nata. Akasimama ubavuni mwake, nata. Pimbi akajua alichokuwa anataka kujua.

"Fundi," akauliza, "wewe ukila ugali hukaa wapi?"

"Kwenye kigoda changu."

"Leo kaa hapa."

Wakayarundika yale matairi manne ya aina ya tatu, wakayapaka majivu ya jikoni, na Nungunungu akakaa juu yake na sahani yake, kwa uangalifu mkubwa. Dhamiri ilimsumbua kidogo, akauliza kama huko si kuvunja desturi. Pimbi akamwambia desturi inasema mkubwa achague kwanza, haisemi aonyeshwe kwa kidole.

Saa sita mchana Nyati akafika, tumbo mbele. Hata katika kipupwe jua la mchana huwaka, na matairi yalikuwa yamekaa juani tangu asubuhi. Akamkuta Pimbi amelikumbatia tairi la mashindano, analia machozi ya kweli. Machozi hayakumpa taabu, alikuwa amewafikiria watoto wake.

"Mzee Nyati, nakusihi," akasema. "Chukua yoyote, niachie haya."

Nyati akamsukuma pembeni. Akalibonyeza tairi kwa kwato, na kwato ikanasa: naaata! Jua lilikuwa limeulainisha ule mpira kama ubani mdomoni. Nyati akatabasamu, akasema haya ni yake. Nungunungu, ambaye alikuwa mwizi kidogo lakini si mwongo, akamwonya kwamba matairi yale hayashiki mpaka yapate moto kwanza.

"Moto ninao mimi," akasema Nyati.

Kisha akaona Pimbi ameyatupia jicho matairi ya matope, akafuta machozi, akatazama kando haraka. Lo, Nyati hakuweza kuvumilia. Akasema na hayo ni yake. Nungunungu akamkumbusha kwamba gari lina miguu minne tu. Nyati akajibu kwamba desturi inasema achague kwanza, haisemi achague mara moja. Akayafunga juu ya paa la gari kwa kamba, akaapa kwamba hayatashuka hapo mpaka mbio ziishe, maana hakumwamini mtu.

Pimbi akauliza kwa sauti ndogo yeye sasa atakimbia na nini. Nyati akatazama huku na huku, akaona fundi amekalia rundo la majivu anatafuna. Akasema na akimbie na hivyo viti vya fundi, kisha akaondoka akicheka peke yake njia nzima.

Siku ya tatu, alfajiri, baridi ilikuwa kali kiasi kwamba pumzi zilitoka kama moshi. Lami ilikuwa kavu, tena ya baridi. Gari jekundu likasimama upande huu, na kigari cha bluu alichoachiwa Pimbi na mama yake kikasimama upande ule, kimevaa vile viti vya fundi. Juu kule watoto watatu walikuwa wamejikunyata pembeni mwa jabali, na Pimbi hakuthubutu kuinua macho kuwatazama, asije akakosea usukani. Nungunungu akatikisa miiba yake: chacha, chacha, cha! Mbio zikaanza.

Gari la Nyati likanguruma, vumm! Magurudumu yakazunguka palepale bila kwenda: zwiii. Kigari cha Pimbi kikaondoka, ti-ti-ti-ti. Hatimaye gari jekundu likapata mwendo, likampita Pimbi kwenye mnyoofu kwa kishindo, na Nyati akampungia kwato.

Wakafika kona ya kwanza. Nyati akakata usukani, gari likakataa: zurrr! Likaingia majanini. Pimbi akakata usukani, gari likakubali: nata.

Wakafika kona ya pili. Nyati akakata usukani, gari likakataa: zurrr! Likapanda tuta. Pimbi akakata usukani, gari likakubali: nata.

Kona ya tatu, zurrr. Kona ya nne, zurrr. Nyati akawa anatoka majanini anaingia majanini kama anayechunga mbuzi, na kila alipotoka alimtukana fundi, akamtukana babu yake, akaitukana lami.

Lakini ngano isiwafiche kitu. Mtu akisuguana sana na lami, mpira hupata moto, na Nungunungu alikuwa amesema kweli. Kona ya tano gari jekundu likateleza kidogo tu. Kona ya sita halikuteleza. Kona ya saba likashika kisawasawa, na Pimbi akaona kwenye kioo pembe mbili zimejaa nyuma yake. Akaogopa. Akawaona wanawe mawazoni, wamelala mahali pasipo na jua. Nyati akapiga honi, akatoa kichwa dirishani, akamwamuru aondoke njiani.

Pimbi naye akatoa kichwa.

"Siondoki. Sisogei, wala sibanduki."

Kona ya nane wakaipita bampa kwa bampa. Ikabaki kona ya tisa, inayopinda kuliko zote, na baada yake ni jabali. Nyati akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Pimbi akapunguza kidogo, akashika ndani ya kona, nata, akatoka upande wa pili. Nyati akaingia kwa kasi yake yote, na kweli, matairi ya chini yakashika vizuri sana. Ila yale ya juu hayakuwa yameshika kitu. Mzigo ukavuta kuelekea nje, gari likainama, kamba ikakatika, katu, na gari jekundu likalala ubavu ndani ya kichaka cha upupu. Matairi manne ya matope yakateremka mlima yenyewe, bingiri, bingiri, kona zote tisa, mpaka kwa Nungunungu, akayaokota na kuyapanga mahali pake.

Pimbi akapanda juu ya jabali, akazima gari. Watoto wakakimbilia boneti, maana injini ilikuwa ya moto, na muda huohuo jua likachomoza. Wakapata joto pande mbili.

Baada ya muda mrefu Nyati akafika kwa miguu, anajikuna mgongo, tumbo na mahali nisipopataja. Akasema amedanganywa, akadai mbio zirudiwe, akadai yale matairi ya majivu yawe yake.

"Mzee Nyati," akasema Pimbi, "wewe ndiye uliyechagua kwanza. Tena ulichagua mara mbili. Ukitaka kuota jua, kaa pale pembeni, nafasi ipo. Mimi siondoki."

Nyati akajikuna tena. Kisha akaenda kukaa pembeni.

— Nimewaangusha?
— Hujatuangusha!
— Basi nashika breki. Ngano ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nitaila na chumvi.

Na funzo lake, watoto, lisikieni vizuri: waheshimuni wakubwa. Mkubwa akitaka kuchagua kwanza, msimzuie, ni adabu mbaya. Mwacheni achague. Akitaka tena, mwongezeeni, na mfungieni na kamba.