Kizazi Kitatoka

Ukijikwaa kidole utaruka kwa mguu mmoja, utalitukana jiwe, na kesho umeshasahau. Lakini ulimi ukijikwaa, jamani, anayetoka damu si mwenye ulimi!

Enzi za Mjerumani, reli ilipokwisha fika Dodoma na watu wakimiminika kulishangaa gari moshi, palikuwa na daktari mmoja wa Kijerumani aliyekuwa na hamu ya jambo moja tu: kwa nini wanawake wengine hawashiki mimba, na kwa nini wengine huota tumboni ule uvimbe tunaouita leo saratani. Alipima, alichora, alihifadhi vipande vya nyama katika chupa za dawa kali. Kiswahili hakukijua. Mdomo wake ulikuwa Hasani, Mrangi wa Kondoa, kijana mtanashati mwenye ulimi mwepesi kama unyoya.

Basi akaja Loisi wa Ihumwa, pamoja na mumewe Matonya. Damu ilikuwa ikimtoka bila kufuata mwezi, na mtoto hakuwahi kupata. Mama mkwe wake alikwisha mgeuza wimbo wa kutwangia mtama.

"Mbukwenyi," Loisi aliwasalimu kwa Kigogo, macho chini.

Daktari alimpima, akanawa mikono, akasema maneno marefu huku uso umemkunjamana. Uvimbe ulikuwa umekaa ndani ya mji wa mimba. Usipokatwa pamoja na mji wenyewe, mama atakufa. Ukikatwa, hatazaa kamwe. Aulizwe kama anakubali.

Hasani njaa ilikuwa ikimsokota, na wagonjwa walikuwa wamejaa hadi uani. Akakata maneno kama anayekata bamia.

"Dada, una uvimbe. Daktari atakulaza usingizi, apasue, atoe kizazi. Unakubali?"

Loisi alishika kifua. Kizazi! Huko kwao aliyeomba kizazi aliomba watoto.

"Kitatoka kweli, kaka?"

"Kitatoka chote."

"Chote?" Matonya akadakia kutoka mlangoni. "Basi niongeze nyumba!"

Watu wakaangua kicheko. Hasani naye akacheka, akidhani mwanamume anaficha uchungu kwa utani.

"Mwambie ndiyo," alisema Loisi. "Mwambie hata leo."

Akapasuliwa, akapona. Mwezi ukaandama, damu haikuja. Ukaandama mwingine, kimya! Wee, Ihumwa nzima ilipata habari. Mama mkwe, yule yule wa nyimbo, akalainisha ngozi ya mbuzi kwa samli, ya kumbebea mjukuu. Tumbo lilibaki bapa, lakini bibi alisema mtoto wa kwanza ana aibu, hujificha. Loisi akawa anatembea polepole, kama aliyejitwika mtungi uliojaa.

Hatimaye yeye na mumewe wakaenda kumshukuru daktari, jogoo kwapani.

"Mwambie ahsante kwa huyu aliyemo tumboni," alisema Loisi.

Hasani alianza kutafsiri, akakwama katikati. Daktari akashangaa, akamhimiza amalize. Alipoelewa, akafungua kabati na kutoa chupa, akaiinua kama mkulima anayeonyesha boga lake kubwa. Ndani kilielea kitu cheupe chenye uvimbe. Kilikuwa kikisubiri kusafirishwa Ulaya, wataalamu wenzake wakione.

"Ni nini hicho?" Loisi aliuliza.

Hasani akajibu, "Ndicho kizazi, dada. Nilikwambia kitatoka."

Jogoo alianguka, akakimbilia chini ya meza. Matonya akatoka, akashika njia peke yake. Loisi akamfuata, na Hasani akamkimbilia hadi nje.

"Dada, nisamehe. Usingekatwa ungekufa!"

"Huenda."

"Hata ningekueleza vizuri, ungekubali tu."

"Huenda ningekubali. Huenda ningekataa, nikafa na changu. Lakini hilo lilikuwa langu kulijibu, kaka, na wewe hukuniuliza."



Mavuno yalipokwisha Matonya alioa mke mwingine, na Loisi ndiye aliyetumwa kumsuka nywele bibi harusi. Alisuka vizuri, mistari imenyooka, bila kuinua uso. Hasani akaendelea na kazi yake, hana jeraha wala kovu.

Basi asikudanganye mtu: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.