Siwatu Aliyeingia Usingizini kwa Mwendo wa Kinyonga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, mmekula nini leo? Hebu tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Sogezeni hicho kigogo, moto ushike.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanatusemesha na sisi tunawajibu, palikuwa na mwanamke akiitwa Siwatu. Katika bonde zima la mpunga hapakuwa na mtu mwepesi wa kulala kama yeye. Hakuwa na habari ya kujigeuzageuza. Akiweka kichwa chini tu, keshalala fofofo. Wenzake walimtania, "Siwatu, wewe husinzii, wewe unadondoka." Naye alicheka, maana usingizi wa namna hiyo ni neema, waulizeni wanaoukosa.

Siwatu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka tisa, jina lake Tunu. Tunu akashikwa na homa. Mama akamuuguza siku ya kwanza, akamuuguza ya pili, akamuuguza ya tatu, hajafumba jicho. Alfajiri ya siku ya nne akasema, ngoja niegemee ukuta kidogo. Akaegemea. Mnamjua Siwatu. Alipoamka jua lilikuwa limetoka, na Tunu ameshafariki.

Wakazika, wakalia, watu wakampa pole wakarudi mashambani. Siwatu akabaki na neno moja rohoni. Je, mtoto aliniita? Aliniita, nami nimelala, sikusikia? Neno hilo likawa linamla ndani kwa ndani. Hakumwambia mtu yeyote.

Sasa sikilizeni. Tunu akawa anakuja ndotoni. Kila mara mama yake akilala, Tunu huyo, amesimama mlangoni na kigauni chake. Lakini Siwatu alikuwa anatumbukia usingizini kwa kasi mno, hata hajui kama amelala. Anaona ni siku kama siku nyingine. Basi anamwambia, "Tunu, kalete kuni." Tunu anajibu, "Naam, mama," anaondoka. Siku ya pili, "Tunu, kateke maji." "Naam, mama." Siku ya tatu, "Tunu, kawafungulie kuku." "Naam, mama," na haonekani tena mpaka usiku mwingine. Siwatu akiamka anajipiga kifua. Alikuwa naye pale mbele ya macho yake, badala ya kumuuliza lile neno, anamtuma kwa kuku. Kama kuna uchungu unaoupita huo, mimi siujui, na sitaki kuujua.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Watu wa bonde lile waliamini kwamba marehemu huja kuangalia nyumbani kwao mpaka arobaini yake isomwe. Ikishasomwa, haji tena, hata ndotoni. Siwatu akahesabu, zimebaki siku tatu.

Mpunga ulikuwa umeanza kuiva, kwa hiyo alishinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti cha kuamia ndege, kombeo mkononi. Mchana wa siku hiyo akaona kitu kinatikisika karibu na miguu yake. Akaweka jiwe kwenye kombeo.

"Siwatu," kile kitu kikasema, "mimi si ndege. Mpunga siuli."

Alikuwa Kinyonga. Jicho lake moja limefumba, la pili linamkagua Siwatu toka utosini mpaka kidole cha mguu.

"Mbona jicho moja umelifumba?" akauliza Siwatu.

"Hilo limelala, linaota nakula nzige mnono. Hili liko macho, linamtazama mwenzake anavyoota."

Watu wa kwao humkimbia kinyonga, wanasema ana mkosi. Lakini mwenye shida hachagui wa kumwambia. Siwatu akashusha kombeo, na neno ambalo hakumwambia mtu, akamwambia mdudu.

Kinyonga akafikiri. Alifikiri mpaka ndege wakala nusu jaruba la mpunga.

"Wewe unapita mlango wa usingizi mbio," akasema mwisho. "Anayepita mbio haoni kama kuna mlango, akifika ndani anadhani bado yuko nje. Ingia kwa mwendo wangu. Mguu mmoja, simama, yumba. Mguu wa pili, simama, yumba. Utajiona unavyoingia, na ukifika utajua umefika."

"Sitaweza. Usiku nimechoka, nadondoka."

"Nani kasema usiku? Lala hapa hapa, mchana huu, mwili haujachoka. Kiwiko chini, mkono juu, ushike jiwe. Ukidondoka, jiwe nalo litadondoka, utashtuka, utaanza upya."

"Na ndege?"

"Ndege nitawatazama," akasema Kinyonga. Hakusema atawafukuza.

Siku ile Siwatu akajilaza na jiwe lake. Akadondoka. Jiwe likagonga mti, ko. Akaanza tena, ko. Akaanza tena, ko. Mpaka jua linazama hajaona mlango wala kizingiti.

Siku ya pili akaenda taratibu. Mguu mmoja, simama, yumba. Ndani ya kope akaona rangi, njano, kisha kijani, zinapita kama nguo zinazosuuzwa mtoni. Mara akasikia mtu anamwita jina, na hapana mtu. Akaruka akakaa, na usingizi ukakimbia usirudi.

"Hapo ndipo mlangoni," Kinyonga akamwambia. "Umefika ukaogopa. Kesho usijibu, wewe pita."

Siku ya tatu ndiyo ya mwisho, kesho yake arobaini inasomwa. Siwatu akalala chali, jiwe mkononi. Mguu mmoja, simama, yumba. Rangi zikaja, akaziacha zipite. Mguu wa pili, simama, yumba. Sauti ikamwita, akaiacha iite. Kelele za ndege zikawa mbali, mbali zaidi, zikawa kitu kama mvuke. Mwili ukawa mzito, kisha mwepesi, kisha akausahau. Dungu likayeyuka taratibu chini yake, na mahali pake pakawa ndani ya nyumba yake, na jua limeingia kupitia mlango.

Siwatu akasema kwa utulivu kabisa, "Nimelala. Hii ni ndoto. Mkono wangu uko kule juu ya dungu, na vidole vinalegea."

Tunu akasimama mlangoni.

"Tunu, ka..." ulimi ukaanza wenyewe, ulivyozoea. Siwatu akauma mdomo. Kule mbali alisikia jiwe linateleza kiganjani.

"Tunu, mwanangu, njoo. Alfajiri ile uliniita? Uliniita nami sikusikia?"

"Sikukuita, mama."

"Usinifiche."

"Sikukuita. Niliamka nikakuona umelala, mdomo wazi. Nikasema, leo mama amepumzika. Miguu yako ilikuwa wazi na kulikuwa na baridi, nikaitoa khanga niliyojifunika, nikakufunika. Halafu na mimi nikalala."

Siwatu akanyoosha mikono amshike.

Ko.

Akaamka juu ya dungu. Na hapo ndipo alipokumbuka. Khanga ile alimfunika Tunu kwa mikono yake mwenyewe, kabla hajaegemea ukuta. Lakini asubuhi alipoamka ilikuwa miguuni pake. Aliipiga teke akamkimbilia mtoto, na tangu siku ile hajaiwaza hata mara moja. Msiniulize ndoto iliijuaje. Siwatu hakuuliza. Alilia mpaka nguo ikalowa kifuani, ndege wakala mpunga wanavyotaka, na Kinyonga akawatazama kama alivyoahidi.

Kesho yake arobaini ikasomwa. Ndugu wakaleta nguo za Tunu zigawiwe watoto wa jamaa, kama ilivyo desturi. Siwatu akagawa vigauni vyote, hakubakisha hata kimoja. Walipofika kwenye khanga akaizuia kwa mkono. "Hii si ya Tunu," akasema. "Hii alinipa mimi."

Hadithi yangu imeishia hapo, imejilaza. Na nyinyi kajilazeni.