Michi Minane, Vinu Vinne

Kompyuta ikikuambia ina wachapakazi wanane, usiishangilie. Iulize kwanza: wanane wa vinu au wanane wa michi? Swali hilo linagusa aibu yake ya kale, na wanaoikumbuka si wengi. Kaeni basi mwisikie.

Hapo kale, ndani ya kompyuta mlikuwa na uwanja wa kutwangia. Hesabu za watu, barua zao na picha zao ziliingia uwanjani zikiwa nafaka, zikatoka zikiwa unga. Vinu vilikuwa vinne. Hivyo ndivyo viini vya prosesa mnavyovisikia leo. Kila kinu kilikuwa na mchi mmoja na mtwangaji mmoja. Aliyewapanga watwangaji, nani aende kinu gani na akae kwa muda gani, alikuwa Mnyapara Vuai, ambaye siku hizi mnamwita kwa heshima asiyostahili: mfumo endeshi.

Mambo yalikwenda polepole lakini kwa amani. Tatizo lilikuwa bohari. Nafaka ilitoka mbali, na mtwangaji akiishiwa alisimama na mchi begani akingoja, kinu kimekaa bure. Mafundi waliochonga vinu wakapita, wakaona vinapiga miayo, wakaumia roho. Wakaleta mchi wa pili kwa kila kinu.

"Watwange wawili," wakamwambia Vuai. "Mmoja akingoja nafaka, mwenzake anapiga. Nafaka zao hazitachanganyika, tumekwisha kulitazama hilo. Lakini sikia, Mnyapara: tumekuongezea michi, hatukukuongezea vinu."

Jambo lenyewe halikuwa baya. Nani asiyejua raha ya kutwanga wawili, michi ikipishana na wimbo ukienda? Kibaya kilikuwa kichwa cha Vuai. Katika maneno yote yale alisikia moja tu, michi. Akahesabu minane, akavimba, na wageni walipouliza nguvu ya uwanja wake akawajibu, "Wanane!" Akaanza kugawa kazi kwa kutazama michi. Zikija kazi mbili nzito alizitupa zote kwenye kinu cha kwanza, kwa kuwa kilikuwa karibu na kiti chake, huku kinu cha tatu kikishinda kitupu. Watwangaji wakagongana viwiko, unga ukachelewa, naye akawaita wavivu.

Mmoja wa hao waliogongana viwiko alikuwa Bi Mize. Ukoo wake ulikuwa umemkabidhi jambo moja tu: kutwanga neno la kufungulia ghala la mbegu. Kila mbegu zilipohitajika, Mize alilitwanga neno lile upya, na mlango ukalitambua. Lilikuwa na mpangilio wake, hapa mahindi magumu, pale mchele laini, na mpangilio huo hakuujua mwingine. Mbegu zile ndizo zilizokuwa kesho ya ukoo. Zikipotea, hapana cha kupanda wala cha kula. Mize alilijua hilo hata usingizini, ndiyo maana alipotwanga aliufunika mdomo wa kinu kwa kanga, akaacha nafasi ya michi tu.

Siku moja Vuai akamletea mwenzake wa kinu. Aliitwa Mashavu, mwanamke wa kutoka mbali, mcheshi, mwepesi wa kusifu kanga za watu. Mize akamwendea Mnyapara.

"Shikamoo, Mnyapara. Huyu simjui kwao. Kinu cha tatu hakina mtu, naomba nikatwangie huko."

"Marahaba. Kwani mchi niliokupa una kasoro?"

"Hauna. Ninachosema mimi ni kinu..."

"Mchi ni mchi, bibi wee," Vuai akamkata. "Nikianza kumchagulia kila mtu jirani, kazi itafanyika saa ngapi? Rudi ukatwange."

Ilikuwa kutwanga maji. Mize akarudi na moyo unamwuma, kwa sababu alijua ana haki, na haki ile haikuwa na pa kupelekwa.

Mashavu hakuchungulia chini ya kanga. Hakuuliza swali. Alimwita Mize shoga, akampokea wimbo, akamfuta jasho. Kazi yake ilikuwa kungoja tu. Maana kinu ni kimoja: Mize akipiga mahindi, mchi wa Mashavu ulikawia kupata nafasi, akipiga mchele, nafasi ilipatikana upesi. Kukawia, upesi, kukawia, kukawia. Akajifanya anatwanga mtama wake, kumbe anayaweka moyoni yale mangojeo, hata akawa na neno zima bila ya kuliona wala kuambiwa.

"Shoga, mkono wako unasomeka," alimwambia Mize walipoagana. Mize akadhani anasifiwa, akacheka. Kicheko kile alikuja kukilaani maisha yake yote.

Mchana kweupe, watu wakimwona, Mashavu akaenda akalitwanga neno mbele ya ghala. Mlango ukafunguka kwa adabu zote. Alipoondoka haikubaki punje. Wazee wa ukoo wakaja kwa Mize. Hawakumpiga wala hawakumtukana, walimwuliza tu alimwambia nani. "Sikumwambia mtu," akasema. Ilikuwa kweli, na hakuna aliyemwamini. Ukoo ukatawanyika, kila mtu akaenda kuomba mbegu kwa wasiomjua. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakimtazama Mize, na hapana hata mmoja aliyemtazama Mnyapara aliyemvisha nguo ile.

Mafundi ndio waliokuja kugundua. Wawili wao walisimama kinuni wenyewe, mmoja akapiga na mwingine akangoja, wakaelewa. Wakamwita Vuai ajieleze.

"Mimi nilihesabu sawasawa," akasema. "Michi si minane?"

Radhi hakuomba. Ila kesho yake alimpa Mize kinu cha tatu, kizima, peke yake, mchi wa pili umelazwa chini ili asije mtu akaushika. Mize akasimama mbele ya kinu kile alichokililia, mchi mkononi, na hana tena neno la kutwanga.

Na tangu siku hiyo mfumo endeshi hutazama vinu kabla ya michi. Kikiwepo kinu kitupu, kazi huipeleka huko kwanza, na mchi wa pili humpa mtu pale tu vinu vyote vinapokuwa na watu. Wanyapara waangalifu hawawaweki wasiojuana kinu kimoja, na wapo walioumwa na nyoka wakaogopa hata ung'ongo, wakaitupa michi ya pili yote na kuridhika na unga wa kuchelewa. Yote hayo walifundishwa na Mize, na jina lake hawalitaji.

Lakini majivuno hayakumtoka Vuai. Mwulize hata leo uwanja wake una watwangaji wangapi. Atakujibu upesi, bila haya: wanane.