Kwa Nini Batiki Ina Nyufa

Ninyi mnaodhani hizi nyufa kwenye batiki ni uzembe wa fundi, kaeni kitako niwaeleze. Zamani hazikuwapo. Maua yalichorwa kwa nta ya moto juu ya kitambaa cheupe cha pamba, kisha kitambaa kikachovywa kwenye rangi, na penye nta pakabaki peupe pee. Kitambaa chenye nta hakikukunjwa hata kidogo. Kilibebwa na watu wawili, kimetandazwa, maana nta ikipasuka rangi hupenya, na kitambaa cha namna hiyo kilitupwa jalalani.

Aliyewashinda wote kwa kazi hiyo aliitwa Sikudhani. Siku moja alikuwa akichora kitambaa cha harusi ya mdogo wake. Mwanawe wa pekee, Siwema, alikuwa amejilaza kando ya jiko la nta.

“Mama, nasikia baridi.”

“Ngoja mwanangu, nimalizie ua hili. Nta itaganda.”

Mtoto akaita tena, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu hakuita. Sikudhani alipogeuka alimkuta anatetemeka, macho yamempanda. Hapo hakukumbuka maua wala harusi. Alikivuta kitambaa kilekile cha nta, akamfunika mwanawe, akamkumbatia na kukimbia naye kwa mganga, ng’ambo ya mto. Njiani aliisikia nta ikivunjika kifuani pake. Walipofika, Siwema alikuwa ameshakata roho.

Harusi ikaahirishwa. Baada ya arobaini, wenzake walimshauri akitupe kitambaa kile. Hakuwasikiliza. Alikichovya kwenye rangi ya nili, akakianika, kisha akaiyeyusha nta kwa maji ya moto. Mistari myembamba ya buluu ilikuwa imeyakata maua yote.

Akaweka kidole juu ya mstari mmoja. “Hapa palikuwa na goti lake,” alisema. “Na hapa ndipo nilipombana sana.”

Wanawake waliinamisha vichwa. Mdogo wake alilia, akakipokea kitambaa kwa mikono miwili.

“Dada, nitakivaa hivihivi.”

Akaolewa nacho, na watu wote wakakiona.

Na tangu siku hiyo, kabla ya rangi ya mwisho, sisi mafundi hukikusanya kitambaa chenye nta, tukakibana kifuani kama mtoto, mpaka tuisikie nta ikivunjika. Na mtoto akiita tukiwa kazini, hatumwambii angoje.