Pimbi na Ruta ya Kiboko

Niseme nisiseme?
— Sema.
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo yote mawili.
Basi yategeni, naanza.

Hapo kale, lakini si kale sana, kale ya juzijuzi ya simu na sola, wanyama wa bonde moja walikuwa na ruta moja tu. Ruta ni kile kisanduku chenye vitaa ambacho ujumbe wote hupitia. Ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali, maneno yako hupita pale kama mlangoni. Na mlango ule ulikuwa kwa Kiboko, ukingoni mwa mto.

Kiboko alipenda maboga. Akisikia njaa, ananyoosha mguu, anabonyeza swichi. Ta. Vitaa vinazimika, bonde zima kimya. Wanyama wanakuja mbio na maboga kichwani. Kiboko anatafuna, kwacha, kwacha, kwacha. Akishiba anabonyeza tena. Ta. Vitaa vinawaka.

Nguchiro aliwahi kuweka ruta yake mwenyewe. Kiboko alikwenda akaikanyaga, pwacha, ikawa bapa kama chapati.

Siku moja mtoto wa Swala alishikwa na homa. Daktari Korongo, aliyekaa ng'ambo ya milima, akamtazama mtoto kwa simu. "Mama, sikiliza vizuri," akasema. "Ile dawa ya chupa usimpe zaidi ya..."

Ta. Kimya.

Swala akakimbia hadi mtoni. "Mzee Kiboko, nakuomba uwashe. Mtoto anaungua."

"Boga liko wapi?"

"Leo sina boga."

"Basi na mimi leo sina ruta."

Swala akakaa palepale matopeni, akalia. Jirani yake Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, akabingirisha boga lake la mwisho hadi mtoni, ndipo vitaa vikawaka. Mtoto akapata nafuu, lakini Pimbi alirudi kwake na hasira iliyokaa kimya kifuani.

Sasa, Pimbi ndiye aliyekuwa fundi wa ile ruta. Kesho yake akaenda kuifuta vumbi, fyu, fyu, huku akisema, "Mzee, nakuonea huruma. Mkubwa mzima, huna msaidizi."

Kiboko akafumbua jicho moja. "Msaidizi wa nini?"

"Wakubwa wa mabonde mengine, ruta zao zina ruta ndogo pembeni. Kazi yake ni kuisikiliza ile kubwa tu. Kubwa inasema, 'Nipo.' Ndogo inajisemea kimoyomoyo, 'Haya, mkubwa.' Kubwa inasema, 'Nipo.' Ndogo, 'Haya, mkubwa.' Kutwa kucha."

Kiboko akapenda. Kisha akashtuka. "Na cheo?"

"Yako nitaiandikia mia mbili, yangu mia moja. Zote mbili zitatumia jina moja la mlango, jina lako, na mwenye cheo kikubwa ndiye anayeitika."

"Niandikie mia mbili na hamsini."

"Nimeandika, Mzee."

Kiboko hakuuliza ingekuwaje ruta yake ikinyamaza. Pimbi naye, kwa kuwa hakuulizwa, hakujibu.

Ruta ndogo ikawekwa juu, ndani ya ufa wa jabali, na sola yake na antena yake, ikitazama mnara wa simu wa upande mwingine wa bonde. Haikuhitaji chochote kutoka mtoni. Kazi ikaanza. Nipo. Haya, mkubwa. Nipo. Haya, mkubwa.

Homa ya mtoto ikarudi. Swala akampigia Korongo, na Kiboko akasikia njaa.

Ta.

Kule jabalini ruta ndogo ikasikiliza. Kimya. Ikasikiliza tena. Kimya. Ikasikiliza mara ya tatu. Kimya. "Basi nipo mimi," ikasema, ikaitika kwa jina la mlango. Kwenye simu ya Swala, Korongo aliganda mdomo wazi, kufumba na kufumbua, kisha akaendelea: "...kijiko kimoja, asubuhi na jioni."

Kiboko akangoja. Hakuna miguu inayokuja. Akawasha, akazima, akawasha, akazima. Akadhani wanyama wamehama. Mwishowe akapanda mlima, puuu, puuu, akawakuta nyumbani kwa Swala, mtoto amesimama kwa miguu inayotetemeka, anakunywa uji.

"Mnaongeaje na simu?" akauliza. "Nimezima."

"Umezima, Mzee," Pimbi akasema. "Yangu ilipoona umenyamaza, ikaitika badala yako. Ukiwasha, yako inarudi kuitika. Wewe bado ndiye mkubwa."

Kiboko akaliendea jabali aikanyage ile ruta ndogo. Ufa ni mwembamba, hata pua haikuingia. Akajaribu mguu, mguu ukateleza. Akakaa chini, anahema.

"Kwa hiyo hata nikizima mwezi mzima, hamtajua?"

"Hatutajua."

Akainamisha kichwa. "Mimi nilidhani mlikuwa mnakuja kunitembelea," akasema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Swala akammiminia uji kwenye beseni, akaliweka mbele yake. "Kunywa, Mzee. Hapa ni nyumbani kwa watu." Jua lilikuwa kali, na mtoto akasogea, akajilaza kwenye kivuli cha tumbo la Kiboko. Kiboko akanywa bila kutikisika, asije akamwamsha.

Yangu nimeyatua hapa, mwenye nguvu ayabebe.
— Tumeyabeba, na funzo je?

Funzo ni hili: mkubwa ni mkubwa, mpeni kila anachotaka, wala msimfanyie hila. Kiboko ndiye aliyeniomba niliseme hivyo, nami nimelisema.