Mpiga Mbiu Aliyemezewa Sauti

Kila jioni hadithi, kama vile mbaazi hizi zitajipukuchua! Haya, sikilizeni, hasa nyinyi wazazi wa watoro.

Shekue alikuwa mpiga mbiu, sauti yake ndiyo ugali wake. Akasikia bintiye Mwanasiti hafiki shuleni. Akamfokea. Akamburuta mpaka darasani, akamchapa mbele ya wenzake. Kuuliza hakuuliza, ng'o! Binti akazidi kutoroka, baba akakimbilia kwa zimwi la kichuguuni.

"Nipe dawa ya mtoro!"

"Umemuuliza sababu?"

"Nimemfokea!"

"Umemuuliza?"

"Nimemchapa!"

"Umemuuliza?"

"Mtoto aulizwe nini, zimwi mpumbavu we!"

Zimwi likapanua kinywa, likaimeza sauti yake yote.

Akarudi nyumbani bubu. Binti alipoona hafokewi, akasema, "Baba, kwanza nilikimbia hesabu, sizielewi. Sasa nakimbia aibu. Tangu unichape wananiita Ngoma."

Shekue akataka kunguruma, wapi! Akasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake akampeleka darasani, akaivunja fimbo yake mbele ya watoto wale wale.

Mwanasiti alirudi shule. Sauti haikurudi, na mbiu mpaka leo anaipiga mwingine.